Nilichagua Beki Kwanza

Jumapili, 31 Agosti

Naandika mwenyewe kwa mkono yangu. Nilifika darasa la nne tu, lakini mtu wa darasa la nne wa wakati ule anaweza kusimama mbele ya mtu wa chuo kikuu wa siku hizi na asitetemeke. Kalamu ni ya binti yangu Shiro. Njogu akikuja Pasaka atasoma hii yote aone vile baba yake alishinda.

Maneno ilianza hivi. Njogu ni kijana yangu wa kwanza, ako Texas. Alienda huko wakati Kitengela bado swara walikuwa wanavuka barabara, na hajarudi. Alioa Judy, msichana wa Ngong aliyempata hukohuko, wakazaa kijana wakamwita Gakuru, kwa sababu kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la babu yake, baba ya baba. Kwa hivyo jina langu iko Texas. Inaenda shule na basi ya manjano. Mimi sijaiona isipokuwa kwa simu, na kwa simu inaangalia kando.

Sasa Njogu ameanzisha mchezo wa familia. Ni mpira ya Amerika, ile wanabeba kwa mkono na kugongana kama kondoo dume. Sisi hatuchezi. Sisi tunachagua wachezaji wa kweli, mmoja mmoja, kwa zamu, na yule nimechukua mimi hakuna mwingine anaweza kumchukua. Wakicheza kwao Jumapili na wafanye vizuri, mimi mwenye kuwachagua napata pointi. Kila wiki unashindana na mtu mmoja. Mwisho wa mwaka kuna fainali.

Leo jioni wote waliingia kwa simu. Njogu na Judy. Nick, kijana wa jirani yangu Parmuat, ambaye ako mji moja na Njogu. Githongo, kijana wa ndugu yangu, anakaa Nkoroi na anafanya kazi ya kompyuta, kwa hivyo anajua kila kitu. Shiro binti yangu alikaa kando yangu kunisomea Kiingereza. Na wenzake Njogu wa kazi, hao siwajui, walisema tu halo.

Nikauliza, "Kuna beki?"

Njogu akacheka. "Kuna running back, Baba."

"Hiyo ni beki ya kukimbia."

"Eeh, basi. Beki ya kukimbia."

"Mimi nachukua hiyo kwanza."

Githongo akaingilia. "Uncle, wacha! Siku hizi hakuna mtu anachukua running back raundi ya kwanza. Hao huvunjika kama mayai. Chukua mdakaji, yule anadaka mpira ikirushwa."

"Githongo, wewe ulicheza timu gani?"

"Sijacheza, Uncle. Lakini nimesoma hesabu zao."

"Mimi nilicheza beki namba tano, timu ya kiwanda cha simiti, Athi River. Kuna washambuliaji walikuwa wakiona jina langu kwa ubao wanaanza kuchechemea kabla ya mechi. Kochi alikuwa anaandika mabeki kwanza, halafu ndio anauliza nani mwingine amekuja. Usinifundishe."

Shiro akanisomea majina. Kwa kila jina niliuliza swali moja tu, huyu hukosa kazi? Huyu aliumia goti. Huyu alikosa mechi sita. Huyu alifungiwa kwa kupiga mtu baa. Mpaka akafika kwa mmoja anaitwa Tibusi. Misimu mitatu hajakosa mechi hata moja.

"Lakini hana mbio sana, Baba," Shiro akasema.

"Mimi nimeuliza mbio?"

Nikamchukua Tibusi. Githongo alicheka mpaka akakohoa. Timu yangu nimeiita Simiti.

Tulipomaliza, Virginia, mama yao, akaingiza kichwa kwa mlango akasema, "Muulize anakuja lini." Nikamuuliza mbele ya wote. Halafu Njogu akasema, "Karatasi bado, Baba. Nikitoka huku bila karatasi hawataniruhusu kuingia tena. Lakini wacha niseme hivi. Hizo karatasi nitazisukuma. Ukishinda hii ligi, Pasaka tuko Kitengela. Mimi, Judy na Gakuru."

Nick akapiga kelele, "Umesikika!"

Githongo akasema, "Basi hakuna mtu anakuja!"

Walicheka wote. Virginia hakucheka. Alienda kuangalia kile chumba cha nyuma tunaweka majani ya ng'ombe.


Jumatatu, 1 Septemba

Vumbi. Ng'ombe moja ya Parmuat imekula ua yangu ya miiba, ile ya kai apple. Nimemwambia.


Jumatatu, 8 Septemba

Nimeshinda. Tibusi alifanya kazi kama punda wa maji, hana madoido, anaenda na kurudi. Nilimshinda mmoja wa hao wenzake Njogu siwajui. Njogu alinipigia simu asubuhi, mimi mwenyewe, sio mama yake. Miaka yote anapigia Virginia, mimi napewa simu wakati wanaagana.

"Baba, umeanza na moto!"

"Moto gani? Hiyo ni moshi tu. Ngoja."

Alicheka. Mtu akicheka hivyo unamjua ni wako.


Jumatatu, 15 Septemba

Nimeshinda tena. Lakini leo imetokea kitu. Shiro alinionyesha Tibusi kwa simu yake, kwa duka yake ya nguo za watoto hapo stegi ya matatu. Nikaona Tibusi amepewa mpira akaenda nao mbele, akapita watu watatu, akaanguka kwa goli ya wenyewe.

Nikasema, "Huyu beki ameacha nafasi yake. Kochi yake ako wapi?"

Shiro akaniangalia. "Baba, huyo si beki wa kulinda. Kazi yake ni kupeleka mpira mbele. Anashambulia."

Kulikuwa na wateja wawili wamesimama hapo wanasikia.

Nikamwambia, "Najua. Kwani mimi nilisema nini?"

"Ulisema ni beki."

"Ni beki. Anatoka nyuma. Anayetoka nyuma ni beki."

Mmoja wa hao wateja akasema, "Mzee ako sawa." Nilimwona Shiro anakunja mdomo. Usiku atamwambia mama yake. Wacha amwambie. Nilichagua mtu wa kutegemewa na ndiye nimepata, na kama nilimchagua nikifikiria anatazama kule na kumbe anatazama huku, bado ni jicho yangu ndio ilimwona.


Jumatatu, 22 Septemba

Ushindi.


Alhamisi, 2 Oktoba

Virginia ametoa majani ya ng'ombe kwa chumba cha nyuma. Nimeuliza majani itakaa wapi mvua ikija. Fundi anapaka chokaa.

Parmuat alikuja akasimama kwa ua, akanisalimia kwa Kimaasai. "Supa, Gakuru."

"Ipa."

"Nasikia unalisha ng'ombe ya Texas."

"Mimi nachagua tu. Kulisha wanalisha wenyewe."

"Na kijana wangu Nick amekushinda?"

"Jumapili hii ndio tunakutana. Mwambie aombe."

Parmuat akacheka. Yeye Nick anakuja karibu kila mwaka, kwa hivyo anaweza kucheka.


Jumatatu, 6 Oktoba

Nick amenishinda. Wadakaji wangu walikuwa bure. Tibusi peke yake alifanya kazi. Sitaki kuongea.


Jumatatu, 20 Oktoba

Siku ya Mashujaa, watu wako nyumbani. Mvua hakuna. Mawingu inakuja mpaka juu ya Athi, inatuangalia, inarudi.

Githongo alikuja na gari kutusalimia. Wadakaji wake wawili wameumia, na Tibusi bado anaendelea tu. Nilimpa Githongo chai nikamuuliza, "Hayo mayai yako aje?" Virginia akasema nimwache mgeni anywe. Nikasema anaweza kunywa akisikia. Githongo akasema, "Uncle, ni bahati." Nikamwambia bahati haikuji kazini kila Jumapili.

Njogu alipiga simu tukaongea mpaka simu ikapata moto kwa sikio. Aliniuliza juu ya ng'ombe, juu ya maji, akauliza kama ule mti wa mbele bado uko. Hajawahi kuuliza hivyo. Nikamwambia niko namba mbili sasa na nitapanda.

Akasema, "Haki, Baba, unaweza kushinda kweli."

"Kwani ulifikiria nini?"

"Hapana, nasema tu."


Jumatatu, 3 Novemba

Ushindi. Na mvua imenyesha, usiku kucha. Hii udongo yetu nyeusi imeshika kila kitu. Kiatu yangu ya kushoto imebaki kwa njia.


Jumatatu, 10 Novemba

Ushindi. Niko namba moja. Niliandika kwa kikundi yetu ya simu: SIMITI IMEKAUKA. Shiro alinisaidia herufi kubwa. Judy aliweka picha ya mkono unapiga makofi. Njogu hakuandika kitu. Hakupiga simu pia. Labda kazi.


Jumatatu, 17 Novemba

Ushindi. Njogu hakupiga.

Virginia amenunua mablanketi ya mtoto, ya rangi ya samawati, yako na picha ya simba. Nikamwambia kijana wa Texas haogopi baridi. Akasema, "Wewe shinda tu."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza mama ya Njogu ameniambia maneno ya mchezo. Zamani nikitoka mechi na damu kwa goti alikuwa ananiuliza kama nimelipia maziwa.


Jumatatu, 24 Novemba

Nimempigia mimi. Simu ililia mpaka ikakatika. Baadaye akaandika: Niko kazini Baba, hongera.

Nimeshinda, lakini kidogo tu.


Jumamosi, 29 Novemba

Leo nimetoka Kajiado. Parmuat alikuwa anaozesha binti yake Naisenya, na Nick alikuja kutoka Amerika kwa sababu ya dada yake. Amenenepa. Alinisalimia kwa heshima, akainamisha kichwa nimguse kama mtoto, ingawa ananipita kwa urefu. Watu walikuwa wengi, matope mpaka kwa hema, lakini nyama ilikuwa ya kutosha na Parmuat alivaa koti mpya ambayo hakuacha kuifuta.

Nick akakaa na mimi. Nikamuuliza Njogu ako aje.

"Ako poa sana, Mzee. Amehamia nyumba kubwa. Na Gakuru anacheza mpira ya shule, ana mbio huyo!"

"Mbio ametoa kwa mama yake. Na hizo karatasi zake zimefika wapi?"

"Karatasi gani?"

"Za kumwezesha kusafiri."

Nick alikuwa na nyama kwa mdomo. Akatafuna, akasema bila kufikiria, kama mtu anasema habari nzuri, "Aah, hizo alipata zamani, Mzee! Tulifanya hata sherehe. Juzi wakati wa likizo ya shule walienda Mexico na Judy na mtoto, kukaa kwa bahari. Hajakutumia picha?"

"Mexico ni mkoa wa huko?"

"Hapana, ni nchi ingine. Unapanda ndege."

"Kwa hivyo alitoka na akaingia tena."

Hapo ndio Nick aliona. Akaacha kutafuna. Akaangalia mama yake, akaangalia hema, akasema, "Mzee, labda sijaelewa vizuri. Labda..."

Nikamwambia, "Kula. Leo ni siku ya dada yako."

Parmuat alikuja akauliza tunaongea nini. Nikasema tunaongea Tibusi. Nick akasema, "Eeh, Tibusi." Tukaongea Tibusi. Niliongea sana, niliwaambia wazee wote wa meza hiyo vile nilimchagua wakati wengine wanacheka. Mmoja akauliza huyo Tibusi ni ng'ombe ya nani.

Nimerudi Kitengela na viatu kwa mkono. Virginia ameuliza Nick amesema nini juu ya Njogu. Nimesema ako na nyumba kubwa. Amefurahi.


Jumatatu, 1 Desemba

Ushindi. Sijamwambia Virginia. Mtu anaweza kukaa na maneno kwa tumbo kama mfupa, ilimradi asilale upande huo.


Jumanne, 2 Desemba

Nimefikiria labda Mexico ni karibu na hapa ni mbali. Labda ni kazi yake. Labda ni Judy.

Judy huandika kwa kikundi kila wiki. Si Judy.


Jumatatu, 8 Desemba

Simiti imeingia nusu fainali, namba moja. Fundi ameleta kitanda kidogo. Virginia amekitandika tayari, na yale mablanketi ya simba juu. Nikamwambia Pasaka ni mbali, vumbi itaingia. Akasema atakuwa anakung'uta.

Nimesimama kwa huo mlango nikaangalia hicho kitanda. Nilitaka kumwambia. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisa bila maneno, kwa pua tu. Nikaenda kukamua.


Jumatatu, 15 Desemba

Wiki ya kupumzika kwa sisi tulio juu. Njogu alipiga, akaongea na mama yake. Nilikuwa hapo. Mwishoni nikapewa simu.

"Baba, unaendeleaje?"

"Niko nusu fainali."

"Nimeona."

"Na wewe pia."

"Na mimi pia."

Akasema kuna mtu kwa mlango.


Jumatatu, 22 Desemba

Nimemshinda Githongo. Sasa siwezi kucheka vizuri, kwa sababu Tibusi ameumia. Alikuwa tayari amefanya kazi yake, pointi nimepata, halafu mara ya mwisho akaangukiwa na watu wawili na goti ikageuka. Shiro amesoma amesema hatacheza tena mwaka huu. Misimu yote hajakosa, na sasa atakosa fainali.

Githongo ameandika: Mayai, Uncle, mayai.

Njogu amemshinda Nick. Fainali ni mimi na Njogu.


Jumatano, 24 Desemba

Nataka kuandika hii polepole ili nisikosee.

Tibusi akiumia, kuna mwingine kwa timu yake ambaye anachukua kazi yake. Anaitwa Okisi. Alikuwa hana mwenyewe kwa ligi yetu, hakuna mtu alimtaka, kwa sababu alikuwa anakaa nyuma ya Tibusi. Mchezaji kama huyo, mwenye kuwahi ndiye anamchukua. Shiro alikuja leo asubuhi anichukulie Okisi. Akafungua simu akatafuta.

"Ameenda," akasema.

"Ameenda wapi?"

"Njogu amemchukua."

Nikasema ni haki yake, labda anamhitaji. Shiro akatikisa kichwa. Huyo msichana hajui kudanganya, hata kwa duka yake anaambia wateja nguo itaruka rangi.

"Baba, Njogu ako na mabeki wanne wazuri. Anaruhusiwa kuchezesha wawili. Okisi atakaa kwa benchi yake tu."

"Sasa anamtakia nini?"

"Ili wewe usimpate."

Nimekaa na hiyo. Nimecheza mpira na watu wakatili. Kuna mtu alinipiga teke ya mbavu hapo Athi River na tukasalimiana baadaye. Hiyo ni mpira. Lakini hii ni mchezo wa familia, zawadi ni Njogu kuja kwao. Anashindana na nani? Mtu akishika mpira kwa nguvu hivyo, uliza anakimbia nini.

Saa mbili usiku simu ya Krismasi ikaingia, wote wakaongea. Gakuru mdogo akaletwa akasema "Hi Guka", yaani babu, akakimbia. Virginia alisema, "Mmemwona? Amesema Guka!" Nikachukua simu nikatoka nayo nje kwa zizi.

"Umechukua Okisi."

Akacheka kidogo. "Ni mchezo, Baba."

"Unamhitaji?"

"Ndio watu hucheza hivyo. Ni mbinu."

"Mama yako amenunua kitanda."

Nilisikia televisheni ya kwake, na Judy anaongea na mtoto kwa Kiingereza.

"Njogu, nikishinda Jumapili, Pasaka mnakuja?"

"Kwanza ushinde, Baba."

Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa sauti ya mtu amesukuma mgongo kwa mlango kutoka ndani, anaongea na wewe vizuri, na hafungui.

Nilitaka kumuuliza Mexico kuko na baridi ama joto. Sikuuliza. Nilimwambia heri ya Krismasi.


Alhamisi, 25 Desemba

Tulikula mbuzi. Virginia aliomba maombi marefu, akataja goti ya Tibusi. Wageni hawakujua ni nani, walisema amina.


Jumamosi, 27 Desemba

Shiro amekuja na hesabu. Amesema, "Baba, bado unaweza. Toa Tibusi, weka Doketi. Wiki hii Doketi anacheza na timu mbovu kabisa. Ukimweka, unamshinda Njogu. Hata Githongo amekubali."

Doketi nilimchukua mimi mwenyewe, raundi ya tisa, kama akiba. Wengine hawakumjua. Na huyo pia ni mtu hakosi kazi. Nilimwambia Shiro nitabadilisha mwenyewe, nimejifunza.

"Una uhakika? Wacha nifanye sasa hivi, ni kubonyeza tu."

"Shiro. Nimesema nitafanya."

"Sawa, Baba. Ikifika Jumapili saa tatu usiku hawakubali tena."

"Nimesikia."

Nikaenda kukaa kwa zizi na simu. Niliona jina ya Tibusi juu na alama nyekundu kando yake, na Doketi chini kwa benchi.

Nikimweka Doketi nitashinda. Mimi sijawahi kukataa kushinda kitu, hata kuvuta kamba na watoto. Nikishinda, itabidi Njogu afungue mdomo mbele ya wote, mbele ya Shiro na Githongo na Nick na hao wenzake, aseme karatasi. Nick anajua. Mimi najua. Na Virginia atajua, kwa sababu hiyo siku nitasema, sitaweza kujizuia, najijua. Atajua kijana wake aliweza kuja miaka hii yote na hakutaka.

Na nikishindwa, hakuna kitu imevunjika. Alisema ukishinda tunakuja, sikushinda, hawakuja. Njogu atabaki mtu ambaye angekuja.

Niliweka simu kwa mfuko.


Jumapili, 28 Desemba

Baada ya kanisa Shiro aliniuliza, "Umebadilisha?"

"Nimebadilisha."

"Nionyeshe."

"Simu haina moto."

Akaniangalia sana. Nikamuuliza kwani sasa yeye ndiye baba.


Jumatatu, 29 Desemba

Tibusi, sifuri. Doketi alikuwa na siku ambayo hajawahi kuwa nayo, kwa benchi yangu. Njogu ameshinda kwa kidogo sana. Kama ningemweka Doketi ningemshinda na pointi zingine zibaki.

Kikundi imejaa tangu alfajiri. Githongo ameandika: Uncle umechezesha mtu wa magongo!! Akaweka vichwa vinavyolia kwa kicheko, nyingi, mstari mzima. Hao wenzake Njogu wameandika Kiingereza na Shiro amekataa kunisomea. Nick hakuandika kitu.

Shiro alikuja mbio kabla hajafungua duka. Alisimama kwa mlango ya zizi.

"Ulisema umebadilisha."

"Nilisahau."

"Baba, wewe husahau? Wewe unakumbuka mtu alikukosea mwaka wa themanini na mbili."

"Nimezeeka. Enda ufungue duka."

Alilia kidogo, kwa hasira. Nilikamua mpaka akaenda.

Saa mbili Njogu akapiga simu. Alipiga mwenyewe, kwangu, kabla sijapiga. Na alikuwa anacheka, ile kicheko ya Septemba, wazi, ya mtu ametuliwa mzigo.

"Baba! Sasa umenifanyia nini? Ungeweka tu Doketi ungeniua! Mbona ulimwacha Tibusi?"

"Ni mtu wa kutegemewa," nikasema.

"Lakini alikuwa ameumia!"

"Nilifikiria atatoka kitandani acheze."

Akacheka sana. Akaita Judy, akamwambia, Judy pia akacheka. Aliongea na mimi kuliko wakati wowote tangu mvua ianze. Aliuliza ng'ombe, aliuliza maji. Akasema, "Pole sana, Baba. Ulikuwa karibu kabisa. Mwaka ujao, eh? Mwaka ujao ukishinda."

"Mwaka ujao," nikasema.

Virginia alikuwa amesimama nyuma yangu, sikumsikia akija. Alingoja nikate simu. Hakupiga kelele, mama ya Njogu hapigi kelele.

"Shiro ameniambia," akasema. "Ilikuwa kubonyeza tu."

Nikaweka simu kwa mfuko.

"Miaka yote unatuambia ulikuwa beki, ulikuwa ukuta, hakuna mtu alikupita. Kitu moja. Kitu moja mtoto alikuomba umfanyie ndio aje, na ukakataa kusikia watu kwa sababu ya hiyo kiburi yako na huyo Tibusi."

"Ndio," nikasema.

"Angekuja, Baba Njogu."

Alikuwa amekasirika vile sijamwona akikasirika tangu tuoane, na hasira yote ilikuwa imenigeukia mimi. Hakuna hata kidogo ilikuwa imebaki ya kwenda Texas.

"Angekuja," nikamwambia. "Ni mimi."